Siku mama aliposali Njia ya Msalaba mbele ya mistari

Kwaresima ya 2018 mama alikuwa kaja Maryland kunisaidia kulea mtoto, baba alikuwa ametutoka mwaka mmoja nyuma na tangu msiba mama alikuwa haongei sana. Ijumaa moja nikampeleka Washington, National Gallery of Art, kuingia ni bure, nikamwambia kuna Njia ya Msalaba ya mchoraji Barnett Newman. Sikumweleza zaidi na hapo nilikosea, maana yeye alitegemea amwone Pilato ananawa mikono, Veronika na kitambaa chake, kama zile picha za kanisani kwetu Tanga.

Picha 14, kila moja karibu mita mbili kwenda juu, na ndani ni mistari tu iliyosimama, mpana, mwembamba, basi.

"Yesu yuko wapi, mwanangu?"

Nikaanza kumwambia Newman alikuwa Myahudi wa New York, 1957 alipata mshtuko wa moyo, mwaka uliofuata akaanza hizi na akamaliza 1966, na alipokuwa kwenye ya nne ndo akatambua anachochora ni kile kilio, Mungu wangu mbona umeniacha. Mama wala hanisikilizi. Yeye ni fundi cherehani miaka yote, kashainama anaangalia pale pasipopakwa rangi, maana Newman aliacha kitambaa kitupu. "Hii si nguo ya marekani? Haijaguswa na maji hii." Pembeni ya mstari rangi imevujia kwenye nyuzi pale utepe wa kuzuia rangi ulipobanduliwa, akawa anaifuata kwa kidole hewani, mlinzi anatutazama.

Kisha akarudi ya kwanza, akatoa rozari. Kila picha anapiga goti kidogo, Ee Yesu tunakuabudu, mimi naitikia kwa sauti ya chini. Kufika ya tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu, weusi wote umeondoka, ni nyeupe tu juu ya kile kitambaa, akasimama pale mpaka nikamshika mkono.

"Baba yako alfajiri ile alikuwa hivi. Hata kuumwa alikuwa haumwi tena."

Hajawahi kuniambia habari ya alfajiri ile, na mimi nilikuwa huku, nilizika kwa simu. Akanisimulia yote mpaka tukafika ya 14, nyeupe karibu nzima.

"Sanda," akasema. Ya baba aliishona mwenyewe usiku ule, mita tano za marekani, na mimi nilikuwa sijui.