Mbu, Ng'ombe na Mlango wa Chumba cha Kulala

Mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba mfugaji anayelala karibu na zizi ana kinga dhidi ya malaria, kwa kuwa mbu hushiba kwa ng'ombe kabla ya kufika mlangoni. Kauli hiyo ina ukweli, ila inategemea ni mbu yupi anayezungumziwa, na jambo hili tunalipita haraka mno.

Anayeuma ni mbu jike pekee, kwani bila damu mayai yake hayakomai. Dume huishi kwa maji matamu ya maua na mimea. Barani Afrika, mbu waenezao malaria wa aina ya Anopheles gambiae na Anopheles funestus hupenda zaidi damu ya binadamu, huingia ndani usiku wa manane na, wakishashiba, hutua ukutani kusubiri damu isagike, hivyo ng'ombe aliye nje hawashawishi sana. Anopheles arabiensis ni tofauti kabisa: huuma mtu au mnyama, kulingana na aliye karibu, ndani au nje, mara nyingi tangu jioni watu wakiwa bado hawajaingia kwenye chandarua, kisha anaweza kupumzika zizini au vichakani, ambako dawa iliyopuliziwa kwenye kuta za nyumba haimpati.

Kwa mbu huyu, ng'ombe ana uzito wa pekee. Vimelea vya malaria ya binadamu haviishi mwilini mwa ng'ombe, na ili ugonjwa usambae ni lazima mbu amuume mtu angalau mara mbili, kwanza avichukue vimelea, kisha aviambukize baada ya kukomaa ndani yake kwa takriban siku 10 hadi 14. Kila mlo wa zizini katikati ya safari hiyo ni mtu mmoja aliyenusurika kuumwa na mbu. Lakini damu hiyohiyo humwezesha kutaga mayai, na zizi lililoegemea ukuta wa chumba cha kulala huweza kumvuta, kwa pumzi na harufu ya wanyama, hadi walipolala watoto. Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa kufuga ili kujikinga, usiosema zizi liwe wapi.

Ninachokitazamia zaidi ni ng'ombe waliochomwa sindano ya ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, kwa sababu kwa siku kadhaa mbu anayenyonya damu yao hufa mapema, pengine kabla vimelea alivyobeba havijakomaa.