Ziwa la Alpi huanza kuchafukia chooni na jikoni

Mwezi wa Julai kule Annecy, Ufaransa, utakutana na maji ya samawati, milima iliyosimama nyuma yake, na mapipa ya taka yaliyofurika kando ya njia ya baiskeli. Mapipa hayo yanakera kweli, na watu wa utalii huyakimbilia kwanza kwa kuwa yanaingia kwenye picha za wageni. Ila chupa iliyodondokea majini leo inaweza kuopolewa kesho. Fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, ikishayeyuka ziwani, hakuna wa kuiokota. Kwa hiyo hoteli au mji ulio kando ya ziwa la Milima ya Alpi, ukitaka kujua uweke wapi fedha zake za mwanzo, mpangilio ninaoutetea ni huu: bomba la maji taka kwanza, jiko la pili, mapipa ya ufukweni baadaye.

Hesabu yake si ngumu. Mwani, yaani mimea midogo inayoota majini, hujijenga kwa kaboni, nitrojeni na fosforasi, kwa uwiano wa atomi 106 kwa 16 kwa 1. Katika maziwa haya fosforasi ndiyo haba, kwa hiyo ndiyo inayoamua mwani uote kiasi gani. Ukiongeza gramu 1 umeruhusu takriban gramu 114 za mwani mkavu. Mwani huo hufa, huzama, na bakteria wanaouozesha hutumia gramu 140 hivi za oksijeni. Maji ya nyuzi joto 4 yaliyoshiba hewa yana oksijeni ya gramu 12 hivi katika kila mita ya ujazo. Maana yake, kilo 1 ya fosforasi inaweza kumaliza oksijeni yote ya mita za ujazo kama 12,000 huko chini. Sasa, mtu mmoja hutoa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku chooni. Hoteli yenye wageni 300 inatoa nusu kilo kila siku, na hapo hatujagusa jiko wala kufulia.

Wakati wa kiangazi maji ya juu hupata joto na kuelea juu ya maji baridi, nayo ya chini hubaki kama yaliyofunikwa mfuniko. Hayapati hewa mpya mpaka baridi irudi na ziwa lijichanganye. Oksijeni ikiisha karibu na tope la chini, chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi ndani ya tope huiachia, nayo hurudi majini. Kuanzia hapo ziwa linajirutubisha lenyewe: unaziba bomba leo na mwani unaendelea kuota kwa miaka. Maji ya Ziwa Annecy huchukua kama miaka 4 kubadilika yote, kwa hiyo kosa la msimu mmoja halisafishwi na mvua za msimu unaofuata.

Bled, kule Slovenia, inaonyesha gharama ya kuchelewa. Ziwa lile ni dogo na vijito vinavyoliingia ni hafifu. Mwaka 1964 yaliletwa maji ya mto Radovna ili kulisukasuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukawekwa mfereji wa kufyonza maji kutoka kilindini. Mfereji wenyewe hauhitaji pampu: mdomo mmoja uko chini kabisa ziwani, mwingine unamwaga nje mahali palipo chini kuliko uso wa ziwa, na tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayoyavuta maji yaliyokosa hewa. Ni kazi nzuri ya kihandisi, lakini ni dawa ya mgonjwa aliyekwisha kulazwa.

Annecy waliwahi. Mwaka 1957 vijiji na miji ya kando ya ziwa viliungana katika shirika moja, kisha likajengwa bomba la maji taka linalozunguka ziwa. Kwenye ziwa Tegernsee, Ujerumani, walichukua njia hiyohiyo. Msingi wake ni kwamba hata maji yaliyokwisha kusafishwa hayarudishwi ziwani. Yote hubebwa hadi kituo kilicho upande wa chini wa mto unaotoka ziwani. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo mji wa ziwa unaweza kulifanya.

Bomba la mzunguko lina udhaifu wake, na huo ndio unaopaswa kujulikana na kila mwenye hoteli. Ufuko ndio mahali pa chini kuliko pote, kwa hiyo maji hayatelemki yenyewe, lazima yasukumwe. Kila kituo cha pampu kinataka pampu 2, kila moja ikiweza kubeba mzigo wa saa ya kilele peke yake, zikipokezana kazi ili isitokee moja imekaa mwaka mzima na kukwama siku inayohitajika. King'ora kiwe na betri yake. King'ora kinachotegemea umeme uleule wa pampu hunyamaza umeme ukikatika, yaani wakati uleule ambapo maji taka yanapanda kuelekea mlango wa dharura, ambao mara nyingi unamwaga ziwani.

Kinachozisimamisha pampu hizo zaidi ni vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia, hata vilivyoandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni. Karatasi ya chooni hulegea na kumomonyoka majini, lakini kitambaa hiki kina nyuzi ndefu. Vitambaa hujisokota kimoja kwa kingine, vikashika nywele na mafuta, na mwisho hutoka kamba nene iliyojizungushia panga za pampu. Tangazo ukutani halitoshi. Weka kapu dogo lenye mfuniko pembeni ya kila choo, mahali mkono unapofika mtu akiwa ameketi.

Tatizo la pili ni maji ya mvua. Majengo ya zamani mara nyingi yana mfereji wa paa uliounganishwa kimyakimya na bomba la choo. Chukua paa la mita za mraba 500 na mvua ya radi ya milimita 20 kwa saa moja: ni lita 10,000. Wageni 300 wakitumia lita 150 kila mmoja ni lita 45,000 kwa siku, yaani wastani usiofika lita 2,000 kwa saa. Paa moja limeleta mara 5 ya mzigo wa hoteli nzima. Kulikamata kosa hili ni rahisi: mimina rangi ya kupimia isiyo na sumu kwenye mfereji wa paa, fungua chemba ya maji taka ya barabarani, subiri. Rangi ikitokea hapo, umepata jibu.

Halafu kuna baridi. Bakteria wanaoondoa amonia kwenye kituo cha kusafishia maji taka hufanya kazi polepole maji yakishuka chini ya nyuzi joto 12, na huzaliana kwa siku nyingi. Wageni wa Krismasi hufika ndani ya siku 2. Mwendeshaji mzoefu hupunguza kiasi cha tope lenye bakteria hao analolitoa tangu mwanzoni mwa Desemba, ili bakteria wawe wengi kabla mzigo haujafika. Akisubiri mpaka vipimo viharibike, msimu utakuwa umekwisha. Sheria ya maji taka ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1991 iliruhusu usafishaji hafifu zaidi pale maji taka yanapomwagwa kwenye maji yaliyo juu ya mita 1,500, kwa sababu ya baridi hiyohiyo. Ruhusa hiyo ni ya kisheria tu. Ziwa lililo mita 1,600 halihimili fosforasi zaidi kwa kuwa karatasi imesema hivyo.

Fosforasi yenyewe hunaswa kituoni kwa dawa iitwayo kloridi ya chuma. Kwa nadharia kilo 1 ya fosforasi inataka kilo 1.8 za chuma, lakini kazini hesabu kama kilo 2.7. Myeyusho wa asilimia 40 una chuma cha karibu gramu 200 kwa lita, kwa hiyo unatumia lita 13 au 14. Angalia mwamba wa mahali ulipo. Penye chokaa, maji yana nguvu ya kuhimili asidi ya dawa hii. Penye matale pH hushuka, yaani maji huzidi kuwa na asidi, na wale bakteria wa amonia ndio wa kwanza kuumia, hivyo huna budi kuongeza chokaa. Tangi la dawa liwe la plastiki, ndani ya beseni linaloweza kupokea ujazo wake wote, maana dawa hii hula chuma cha pua pia.

Tuje jikoni. Mtego wa mafuta ni sanduku ambamo maji hutulia, mafuta yakapanda na mabaki yakazama. Fungua mfuniko, chovya kijiti cheupe taratibu mpaka kiguse chini, kitoe, soma: tabaka la mafuta juu, maji katikati, tope chini. Mafuta na tope vikifika robo ya kina, safisha siku hiyohiyo. Ukipita hapo maji hayapati muda wa kutulia na mafuta yanatoka nayo. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuunganisha mashine ya kuoshea vyombo na mtego mdogo. Maji ya moto huyayeyusha mafuta, yanapita mtegoni yakiwa laini kama maji, kisha yanaganda kwenye bomba la baridi mita kadhaa mbele, chini ya barabara yenye theluji. Dawa za kuyeyusha mafuta hufanya vilevile: zinahamisha tatizo kwenda kwenye pampu.

Sahani zikwanguliwe kavukavu kabla ya kuguswa na maji. Mashine ya kusaga mabaki iliyofungwa chini ya sinki iondolewe kabisa, kwani huigeuza taka iliyokuwa rahisi kubeba kuwa fosforasi ndani ya bomba. Tangu mwisho wa 2023 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kutenganisha mabaki ya chakula. Pipa la lita 120 lililojaa mabaki mabichi hupita kilo 60, na mfanyakazi wa kulivuta kwenye mteremko wenye barafu ataumia mgongo. Tumia la lita 60. Lundo la mboji lililo chini ya mita 1 ya ujazo halipati joto wakati wa baridi. Hulala tu likichuruzisha maji meusi, na theluji ikiyeyuka yanafuata mteremko hadi ziwani.

Kuhusu mapipa ya ufukweni nitasema machache. Uyahesabu kwa Jumapili ya saa 10 jioni, maana wastani wa wiki hudanganya, na uyaweke kwenye njia ya kutokea, mbali na maji. Pipa la taka nyingine na la chupa yakae pamoja, vinginevyo kila moja hupokea kila kitu. Upunguze kinachoingia: Ufaransa tangu 2023 mikahawa yenye nafasi 20 na zaidi lazima impe mteja anayekula hapohapo vyombo vya kuoshwa, na Austria tangu 2025 inatoza amana ya senti 25 za yuro kwa chupa za plastiki na makopo. Theluji iliyokwanguliwa maegeshoni isisukumwe ziwani, kwani imebeba mafuta, chumvi na vichungi vya sigara. Na mikate ya kulisha bata ikomeshwe. Bata wengi mahali pamoja huleta kinyesi, na vimelea wanaopita kwa konokono huwawasha waogeleaji ngozi.

Mwisho, pima. Vipimo vya maji ya kuogelea vya Ulaya hutazama bakteria 2 tu wa kinyesi, E. coli na enterokoka, kwa hiyo ufuko unaweza kupewa daraja la juu kabisa huku kilindi kikikosa hewa. Ili kujua uangavu wa maji, shusha sahani nyeupe ya sentimita 20 hadi 30 upande wa kivuli wa mtumbwi, saa 6 mchana, mahali palepale kila wiki 2, na uandike kina inapopotelea machoni. Kisha kila Septemba na Oktoba, kabla ziwa halijajichanganya, pima oksijeni mita 1 juu ya tope. Ikiwa chini ya miligramu 2 kwa lita, rudi kwenye chemba, pampu na mitego ya mafuta ya majira yale ya joto, ukague moja baada ya nyingine.