Nilivyoifufua Bush DAC90A bila kuvuta asbesto

Ushauri wa kwanza niliopewa: ifungue, ipige kompresa itoke vumbi, kisha washa. Bado unanikera. Redio hii ya valvu (taa za kioo zilizotangulia transista) ya Uingereza, ya mwaka 1950, mara nyingi ina karatasi ya asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu zikivutwa, iliyobandikwa ndani ya kasha la bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), juu ya rezista ya kupunguzia umeme. Haikuwekwa bure. Valvu zake tano zimeungwa mfululizo na zinahitaji jumla ya voti 117 hivi kwa mkondo wa ampea 0.1. Kwenye umeme wa voti 230, zile 113 zinazobaki zinageuka joto la zaidi ya wati 11, karibu kabisa na kasha.

Asbesto ikiwa imeshikana vizuri, usiibandue. Yangu ilikuwa nzima, ya kijivu, kingo zimelegea kidogo tu. Nilivaa barakoa ya FFP3 (daraja la juu la kuchuja vumbi) kabla ya kugusa kifuniko cha nyuma (ya kitambaa haizuii nyuzi hizi), nikafanyia kazi nje. Wengi hukimbilia kupaka rangi kwa brashi, na hapo ndipo wanapoharibu, kwa sababu brashi hukwangua karatasi kavu na kunyanyua nyuzi. Chasisi (fremu ya chuma yenye vifaa vya ndani) ikiwa imeshatoka, nilichanganya gundi nyeupe ya mbao sehemu moja na maji sehemu tatu, nikatia tone la sabuni ya vyombo ili mchanganyiko unywewe badala ya kuteleza. Kwa chupa ya kupulizia nilirusha ukungu mwembamba tu kutoka mbali, nikasubiri ukauke, nikarudia hadi uso ukawa mgumu. Hapo sasa brashi inafaa, na gundi nzito. Vumbi la chasisi nililifuta kwa vitambaa vilivyolowa, kisha vikaingia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kifyonza vumbi cha nyumbani usikiguse; kinazitema nyuzi nyuma. Vifaa vyote havikufika bei ya valvu moja.

Karatasi ikiwa inamong'onyoka, gundi haisaidii. Funga redio nzima kwenye plastiki na uiulize mamlaka ya mazingira ya nchi yako, kwa mfano NEMA ya Kenya au Uganda, inapelekwa wapi.

Kapasita za zamani zilizofunikwa nta nilizikata miguuni nikiwa nimevaa glavu. Kuna mafundi wanaoyeyusha ile nta ili waweke kapasita mpya ndani ya ganda la zamani. Sifanyi hivyo: baadhi ya nta za enzi hizo zina klorini, na mvuke wake ni sumu. Ile kapasita kubwa ya kuchuja umeme hubaki na chaji hata redio ikichomolewa, na usiimalize chaji hiyo kwa kuigusisha bisibisi. Cheche yake inaweza kuunguza ncha ya bisibisi. Shikiza kwenye miguu yake miwili rezista ya omu 10,000, wati 5, kwa sekunde kumi, kisha hakikisha kwa mita.

Moshi wa kulehemu unaowasha macho unatokana na utomvu uliomo ndani ya waya wa kulehemu. Madini ya risasi yaliyomo huingia mwilini kutoka mikononi hadi mdomoni: nawa kwa sabuni kabla ya kula.

Na chasisi yenyewe imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme. Plagi ikifungwa kinyume, chuma chote kina voti 230. Pima kwa mita kati ya chasisi na pini ya nyutro kabla ya kuchomeka, ionyeshe kwamba zimeungana, na ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3, siyo 13.