Alipe au alipwe: mazoezi yangu ya hatimkato

Kikaoni mwenyekiti alisema mkandarasi alipe gharama za kurudia kazi. Mimi nikachapa "mkandarasi alipwe". Kikaoni nilikuwa nimeandika kwa hatimkato, yaani alama fupi za kufuatia maneno kwa kasi ya msemaji, sikukwama popote, nikatoka chumbani nikijiona nimeweza. Kesho yake nilipokaa kwenye kompyuta na kufika kwenye ile alama, nikaona l na p, basi. Hiyo w haikuwepo kwa sababu haikutamkwa, au niliiacha kwa sababu ya mbio? Sikukumbuka, nikabahatisha. Mwenyekiti aliliona neno kabla ya kusaini, akalizungushia wino mwekundu, akanirudishia muhtasari bila kusema kitu. Nilirudi kuchapa mikono ikitetemeka.

Ni miaka mitatu sasa, na tangu siku ile nafanya mazoezi ya hatimkato kila alfajiri, dakika 40, kabla watoto hawajaamka.

Wakati ule nilikuwa nimeshafaulu maneno 80 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza, kama matangazo mengi ya kazi za uhazili (ukatibu wa ofisi) yanavyotaka. (Mengine siku hizi yanadai 100.) Lakini mtihani una jambo moja ambalo ofisi haina: ukimaliza kuandika imla unaigeuza kuwa maandishi ya kawaida hapo hapo, maneno yakiwa bado yanalia masikioni. Nusu ya kazi inafanywa na kumbukumbu. Ofisini kikao kinaisha saa 10 jioni, bosi anakutuma mambo mengine mawili, muhtasari unaugusa keshokutwa. Hapo kumbukumbu imekwisha kwenda, umebaki wewe na daftari.

Kwa hiyo badiliko la kwanza nililofanya halikuhusu kuandika kabisa. Nilianza kusoma daftari lililopoa. Imla ya Jumatatu naisoma Alhamisi, kwa sauti, penseli nyekundu mkononi. Kila alama inayonisimamisha naitia duara. Wiki ya kwanza, kurasa mbili zilijaa duara 31, na zote zilitokana na mambo machache yale yale.

Kubwa lilikuwa irabu. Mimi nilifundishwa hatimkato ya Pitman, ile aliyoichapisha Isaac Pitman huko Uingereza mwaka 1837. Inafuata sauti, haifuati tahajia, na konsonanti ndizo mifupa yake. Sauti mbili zinazokaribiana zinapewa mstari mmoja, nyepesi kwa wembamba na nzito kwa unene: toa na doa, kamba na gamba, pata na bata. Ndiyo maana siandiki kwa kalamu ya wino ya kawaida. Haijui wembamba wala unene. Natumia penseli ya HB, mbili au tatu zilizochongwa, maana penseli butu inageuza kila pata kuwa bata.

Irabu ni vinukta na vistari vidogo pembeni, na anayekimbia huviacha. Nafasi ya alama ndiyo inayookoa: pata inaelea juu ya mstari wa daftari, peta inakaa mstarini, pita inaukata mstari. Vizuri sana, mpaka hapo Kiswahili kinapoanza kuweka viambishi. Irabu inayopanga nafasi ni ya kwanza, na ukisema "imepata" au "imepita", ya kwanza ni ile i ya mbele. Maneno yote mawili yanakaa mahali pamoja, na moja linahusu hoja iliyopitishwa, jingine hoja iliyopata kura tatu tu.

Nikajiwekea sheria zangu, na hizi sizivunji hata msemaji akiwa anakimbia kama basi la mkoani. Irabu ya mzizi naitia kila neno linapokuwa na pacha. W ya kutendwa naiandika daima. Na kikanushi ha- hakiachwi kamwe, maana "hatutalipa" ikipoteza h yake imekuwa "tutalipa", na hilo ni deni umeiandikia ofisi.

Sasa mbio. Kwa muda mrefu niliamini mkono wangu ni mzito. Nilipoanza kujirekodi kwa video, simu ikiwa imeegemezwa kwenye thermos, nikaona mkono ukienda vizuri halafu unasimama. Unasimama kabla ya "utekelezaji". Unasimama kabla ya "maadhimisho". Sekunde moja, moja na nusu, na maneno mawili yameshapita. Tatizo lilikuwa kuwaza neno litaandikwaje. Basi kila neno lililonisimamisha naliandika mstari mzima, nikilitamka kila mara, mpaka kiganja kilijue bila kuniuliza.

Imla nazitoa kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge na ni mali ya bure ambayo naona wenzangu wengi hawaitumii. Humo kuna kila aina ya msemaji. Pia unajifunza misemo inayorudi, kama "Mheshimiwa Spika" na "naunga mkono hoja", ambayo unaiandika kwa mchoro mmoja bila kuinua penseli. Ukiwa na misemo 20 ya namna hiyo unapata pumzi katikati ya hotuba.

Nachukua kipande cha maneno 240, yaani dakika tatu kwa mwendo wa 80. Natia alama ya mkwaju (/) kila baada ya maneno 20. Msomaji wangu ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, namrekodi kwenye simu huku saa iko mbele yake: kwa 80 afike kwenye mkwaju kila sekunde 15, kwa 100 kila sekunde 12. Mwanzoni alikuwa anakimbilia mkwaju kisha anasubiri. Sasa anasoma kwa mwendo mmoja kama mtangazaji.

Kipande hicho nakiandika mara nne. Kwanza kwa 70, kila alama iwe safi. Kisha 80. Kisha 100, na hapo napoteza maneno, alama zinapinda, lakini sisimami. Nikikosa neno naacha pengo na kumfuata msemaji alipo. Halafu narudi 80. Ule mwendo uliokuwa unanitoa jasho unakuwa na nafasi ndani yake, nafasi ya kutia w, nafasi ya kuiweka irabu. Hii ya nne ndiyo ninayoisoma siku tatu baadaye.

Kuna anayeniuliza kwa nini nisirekodi kikao kwa simu. Kikao cha saa tatu utakisikiliza saa tatu nyingine, na vipo vikao ambavyo simu zinabaki nje ya mlango. Daftari linaingia kila mahali. Mwenyekiti akiuliza "tumekubaliana nini kwenye lile la maji?" namsomea hapo hapo.

Kwa sasa nashika 100 kwa Kiswahili, na wiki iliyopita kurasa mbili zilikuwa na duara nne. Kiingereza nipo nyuma kidogo. Kinachonisumbua ni tarakimu: msemaji wa bajeti akitaja bilioni, milioni na asilimia katika sentensi moja, mkono unarudia tabia yake ya kusimama. Nimemwomba yule kijana anirekodie hotuba moja ya bajeti ya kilimo, kwa 70 tu. Amesema atafanya Jumamosi akimaliza kufua.