Plagi tatu za nyuma: siku yangu na Harrier ya Uyole

Saa 12 asubuhi. Juni ya Mbeya maji ya bomba yanauma vidole. Wenzangu wananung'unika, mimi kwenye kazi za plagi naishukuru baridi hii. Silinda hedi, kile kichwa cha injini plagi zinapofungwa, ni ya alumini, na plagi haitolewi injini ikiwa ya moto. Ukilazimisha inaweza kutoka na meno ya tundu lake, na hapo kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya kufungua hedi. Gari lililolala nje Uyole usiku kucha limeshapoa lenyewe, sihitaji kulisubiri. Ndiyo maana plagi nazibadilishia nyumbani kwa mteja, asubuhi.

Mteja wa leo ni mwalimu mstaafu. Harrier yake ni ya mwaka 2001, V6 ya lita tatu, ile injini ya 1MZ. Jana jioni nilichomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani, kikatoa P0303: silinda namba tatu inamisi, yaani moto wake unakosa. Wanaoijua injini hii wameshaelewa. Imekaa kwa upana wa gari, silinda 2, 4 na 6 ziko mbele, unaziona ukifungua boneti tu. Moja, tatu na tano ziko nyuma, zimejibana kati ya injini na ukuta wa kabini, na juu yake limelala sanduku la manifoldi ya hewa. Mwalimu ananiambia mwaka jana alibadilishiwa plagi zote sita kwenye gereji moja mjini. Risiti anayo.

Saa 2. Mwanjelwa, dukani. Hapa sina haraka. Natafuta iridiumu, Denso SK20R11 au NGK IFR6A11. Ile 11 ya mwisho ni nafasi ambayo moto unairuka kwenye ncha, milimita 1.1. Plagi za bandia zimejaa sokoni, na boksi siku hizi halisemi kitu, linachapwa vizuri kuliko la kweli. Naangalia ncha ya katikati: ya iridiumu ni nyembamba kama sindano na imechomelewa safi. Nikiona ncha nene, narudisha. Muuza duka ananijua, ananiita "dada mkaguzi", lakini anatoa za kabati la ndani.

Saa 3. Uyole. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu, ndaga." Mama ameshaweka chai ya rangi na viazi vya kuchemsha kwenye stuli, na hapa kwao huanzi kazi kabla ya kula, hata ujifanye una haraka namna gani. Dogo ninayemfundisha kazi hakujifanya.

Saa 3:40. Natoa waya wa hasi wa betri, kifuniko cha plastiki juu ya injini, halafu bomba la hewa ili mkono upate njia. Za mbele ni dakika chache: bolti moja ya kumi inayoshika koili inayoipa plagi umeme, vuta koili, puliza tundu kwa upepo (mchanga ukiangukia ndani ya silinda utajuta), kisha soketi ya 16. Zikatoka tatu safi, karibu mpya. Mwalimu akafurahi. Mimi nikanyamaza.

Saa 4:15. Za nyuma. Kuna mafundi wanaofungua manifoldi yote ya juu ili waone wanachofanya, na siwalaumu, ila hapo unahitaji gasketi mpya na mipira mingi ya kuchomoa. Kwenye 1MZ mkono unafika, mradi ukubali kufanya kazi bila kuona. Natandika godoro kuukuu juu ya show ya mbele, nalala kifudifudi, mkono wa kulia unashuka nyuma ya manifoldi. Kwanza nimepiga picha kwa simu, nikajua kila koili imekaa wapi. Vishikizio vya soketi za koili vimekauka kwa miaka ya joto, ukivibinya kwa hasira vinavunjika, kwa hiyo unabinya kwa kidole gumba taratibu na kusikiliza vinapoachia. Soketi, yunivasali, ekstensheni fupi, racheti: navishusha kimoja kimoja na kuviunganisha huko huko chini, kwa sababu vikiwa vimeungana havipiti.

Ya kwanza kutoka ilikuwa namba tatu. Nikampa Mwalimu aishike karibu na ya mbele. Ncha imelika, nafasi imepanuka hadi inaonekana kwa macho, na shingo yake ina kutu ya miaka. Haikuguswa mwaka jana. Namba moja na tano, hivyo hivyo. Alilipia sita, zikabadilishwa tatu zinazoonekana. Mchezo huu ni wa kawaida kwenye V6, na ndiyo maana nawaambia wateja wadai plagi zao kuukuu zote, wazihesabu mkononi.

Mwalimu alifundisha fizikia. Akauliza kwa nini gari linamisi mlimani tu. Nikamwambia ukikanyaga mafuta kupanda, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka, na moto unapata shida kuruka nafasi iliyopanuka. Akamalizia mwenyewe: volti inayohitajika inapanda, koili inachoka. Basi tukaelewana.

Saa 5:30. Kurudisha. Plagi mpya naichomeka kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuizungusha kwa vidole. Ikikaa vibaya kwenye uzi, mpira unateleza wenyewe kabla haijaharibu kitu. Racheti haina huruma hiyo. Ikishagusa chini kwa mkono, soketi inaongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili ili ringi yake ya chini ibanwe. Sipaki grisi kwenye uzi, mipako ya kiwandani inatosha. Dogo nilimwachia namba tano, akatumia karibu nusu saa na jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

Saa 7. Injini imewaka, imetulia. Nikafuta ile P0303 kwenye kumbukumbu ya gari. Lakini kutulia uwanjani hakuthibitishi kitu kwa ugonjwa wa mlimani, kwa hiyo tukaenda Mlima Nyoka, Mwalimu mwenyewe kwenye usukani, nyuma ya semitrela la kuelekea Chimala. Akalipita kwenye mpando uliokuwa wazi. Kifaa kikabaki kimya, misi sifuri kwenye silinda zote sita.

Saa 9. Bajaji ya jirani, klachi, sina la kusimulia.

Saa 11 jioni. Mwalimu amepiga simu: ameipeleka ile risiti gerejini pamoja na plagi tatu kuukuu, wamesema arudi Jumatatu wakati bosi yupo. Anataka nimsindikize. Nimekubali, ila iwe mchana. Asubuhi hiyo nina Subaru ya Iwambi, na kule ni betri na boksi la hewa vitoke kwanza ndipo uione plagi ya kwanza.