Mama na Mukesh

Jana nimempeleka mama Upanga kwenye onyesho la nyimbo za zamani za filamu za Kihindi. Wamechelewa kuanza saa nzima, na spika moja ilikuwa inakoroma utadhani babu kalala baada ya ubwabwa. Nikaanza kuihesabu hela yangu ya tiketi.

Basi ikapigwa "Awaara Hoon", ile ya mwimbaji Mukesh ya mwaka 1951. Akodiani ilipolia tu, mama akakaa wima, akaanza kuimba. Neno kwa neno! Mama huyuhuyu ambaye Kihindi hajui hata cha kuombea maji. Kumbe yote kayaokota utotoni kule sinema ya Drive-In, Msasani.

Ilipofika "Lag Jaa Gale" ya Lata Mangeshkar, ukumbi mzima kimya. Mzee mmoja wa Kihindi mbele yetu akavua miwani, akajifuta macho. Mama akanipa leso nimpelekee.

Halafu akaninong'oneza, "Mwanangu, taarabu zetu nusu zimetoka humu, basi tu watu hawasemi."

Kurudi, kwenye bajaji, bado anaimba. Dereva kazima Bongo Fleva yake mwenyewe, bila kuambiwa.