Tatizo Halikuwa Matairi: Nilivyoitengeneza Propela ya Pikapu Yangu

Kwa muda wa miezi mitatu pikapu yangu ilitetemeka kila ilipopita mwendo wa kilometa 60 kwa saa, na kila mtu niliyemweleza alinijibu kwa neno lile lile: matairi. Nikayabalansi mara mbili, nikafanyiwa alaimenti, kisha nikanunua matairi mawili mapya ya nyuma, lakini mtetemo haukupungua hata kidogo. Ninaandika haya nikiwa na hasira bado, kwa sababu fedha niliyoitumia kwenye matairi ambayo sikuyahitaji ilizidi gharama ya vipuri vyote nilivyokuja kuvinunua baadaye, na kwa sababu gari lenyewe lilikuwa limekwisha kunieleza ugonjwa wake waziwazi, ila mimi niliwasikiliza watu badala ya kulisikiliza gari.

Ni pikapu ya bodi ndefu niliyoinunua ikiwa imeshatembea zaidi ya kilometa laki mbili. Kwa sababu ya urefu huo, propela yake, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu (zile gia za ekseli zinazozungusha magurudumu ya nyuma), ina vipande viwili vinavyokutana katikati, na hapo katikati inashikiliwa na senta beringi iliyofungwa kwenye chasisi. Kila inapopinda pana krosi, kile kipuri chenye umbo la msalaba chenye vikombe vinne vya beringi. Gari la namna hii, basi, lina krosi tatu na senta beringi moja, na kila kimojawapo kinaweza kuleta mtetemo.

Dalili zilikuwa tatu. Ya kwanza ni mlio mmoja mkavu wa kugonga, kama mtu aliyegonga bomba kwa nyundo, kila nilipoachia klachi au nilipotoka gia ya nyuma kwenda ya kwanza. Ya pili ni mlio mwembamba kama wa kifaranga, uliosikika vizuri nilipopita polepole kando ya ukuta huku vioo vikiwa wazi, nao uliongezeka kadiri gari lilivyoongeza mwendo. Huu niliambiwa ni wa breki, lakini haukubadilika hata nilipokanyaga breki. Ya tatu ni huo mtetemo, na hapa ndipo ninapowalaumu walionishauri, maana mtetemo wa tairi na wa propela havifanani. Gari likiwa kwenye kilometa 80 kwa saa, gurudumu huzunguka mara mia sita na kitu kwa dakika, ilhali propela, kwa kuwa difu huigawanya mizunguko yake kwa takriban nne, huzunguka kiasi cha mara 2,500. Tairi bovu la mbele hutikisa usukani, na la nyuma hutikisa kiti kwa mapigo unayoweza karibu kuyahesabu. Mtetemo wangu ulikuwa wa haraka mno, wa kuvuma, uliopanda kwenye sakafu na kuziwasha nyayo kupitia viatu.

Siku propela ilipokatika nilikuwa nimebeba mbao, ninapanda mlima kwa gia ya pili. Nikasikia kishindo chini ya bodi, injini ikanguruma kwa kasi, na gari likasimama. Kwa mazoea nikaingiza gia ya kwanza na kuzima injini ili gari lijishikilie, nalo likaanza kurudi nyuma. Nilitambua kwa mshtuko kwamba gia haiwezi tena kulizuia gari ambalo kiungo chake na magurudumu kimekatika. Breki ya mkono ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu yenyewe hushika magurudumu moja kwa moja, na nilipotoka nje jambo la kwanza lilikuwa kutafuta mawe mawili makubwa ya kuyaweka nyuma ya matairi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu sheria ni hiyo hiyo hata gereji: ukifungua propela, gari halina gia, hivyo weka kabari kwenye magurudumu kabla hujagusa boliti hata moja.

Krosi ya nyuma, upande wa difu, ndiyo iliyovunjika. Nilibahatika sana. Ikikatika ya nyuma, shafti huangukia nyuma na kuburutwa, lakini ikikatika ya mbele gari likiwa kwenye mwendo, ncha ya shafti inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari kama mtu anayeruka kwa ufito. Pembeni mwa kikombe kilichobaki palikuwa na vumbi jekundu la kutu, laini kama unga wa matofali, na ndani ya kikombe hapakuwa na grisi hata tone. Vumbi hilo halikutokea siku moja. Kama yeyote kati ya walionibalansia matairi angelala chini ya gari kwa dakika mbili na tochi, angeliona.

Baada ya gari kuvutwa hadi nyumbani, ushauri ukaendelea. Mmoja aliniambia tuichomelee, jambo ambalo halina maana kabisa kwenye kiungo ambacho kazi yake ni kujikunja maelfu ya mara kwa dakika. Mwingine, fundi mwenye gereji, alisisitiza kwamba ni lazima nibadilishe propela nzima pamoja na difu. Sikukubali, kwa sababu kabla ya kununua chochote nilikuwa nimeyakagua masikio ya shafti yanayoshika vikombe, nikayakuta hayajapasuka wala kupanuka. Kisha nikailaza shafti juu ya vibao viwili vilivyokatwa pembe, nikasimamisha waya karibu na bomba lake, na nikaizungusha taratibu kwa mkono nikitazama ule uwazi kati ya waya na chuma. Ulibaki ule ule mzunguko mzima, maana yake bomba halikupinda lilipoanguka. Krosi tatu na senta beringi viligharimu chini ya robo ya bei ya propela nzima.

Niliamua kubadilisha krosi zote tatu kwa mpigo, na ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa na nyundo, na nilikuwa na jirani mwenye uzoefu aliyesimama kichwani kwangu akinihimiza. Krosi mpya niliiingiza kwenye masikio, kikombe cha kwanza kikaingia vizuri, klipu ikakaa kwenye mfereji wake. Kikombe cha pili, upande wa pili, kikaingia hadi mahali fulani na kugoma. Mfereji wa klipu ulikuwa bado umefunikwa kwa kiasi kisichozidi milimita mbili. Jirani akasema, "Wewe piga tu, kitaingia." Nikapiga. Kikasogea unywele mmoja. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi, na sauti ikabadilika, ikawa butu, sauti ambayo sasa naijua na sitaisahau. Klipu bado haikuingia, na krosi, ambayo ilipaswa kuchezeka kwa kidole, ilikuwa imekakamaa kama imechomelewa.

Nilipokitoa kikombe kile nilielewa. Ndani ya kila kikombe mna sindano za chuma ishirini na kitu, zimesimama wima zikizunguka ukuta wake. Sindano moja ilikuwa imeanguka na kulala kitako cha kikombe, na mkono wa krosi ulikuwa umeikandamiza pale. Nyundo ilikuwa imeipinda na kuifanya bapa, na ikawa imechora alama yake kwenye kitako cha kikombe kama mhuri. Hakuna nguvu duniani ambayo ingekiingiza kikombe hicho mahali pake. Ninaitunza sindano ile kwenye kikopo cha boliti, na kila anayeniambia "piga tu" namwonyesha.

Krosi ya pili niliifanya bila kuipiga nyundo hata mara moja wakati wa kuingiza vikombe, na hapa nina fahari kwelikweli. Nilichukua soketi mbili: moja ndogo kidogo kuliko kikombe, ya kusukumia, na moja kubwa kuliko kikombe, ya kupokelea upande wa pili, nikazibana pamoja na sikio la shafti ndani ya jiliwa. Ukikaza jiliwa, kikombe cha zamani hutoka upande wa pili na kuingia ndani ya soketi kubwa bila kelele. Masikio nilikuwa nimeyaloweka usiku kucha kwa mafuta ya kulainishia kutu, na mifereji ya klipu nikaisugua hadi chuma kikang'aa, kwa sababu uchafu kidogo tu mle huizuia klipu kukaa.

Siri ya sindano ni grisi na uangalifu. Nilipaka grisi nzito ndani ya kila kikombe ili sindano zigande ukutani, kisha, na hili ndilo ambalo hakuna aliyenieleza, kabla ya kukisukuma kikombe niliusogeza mkono wa krosi hadi ukaingia ndani yake nusu. Mkono ukiwa mle ndani, sindano hazina nafasi ya kuanguka. Nikaenda hivyo, kikombe cha huku kidogo, cha kule kidogo, krosi ikielea kati yake, nikisimama kila baada ya robo mzunguko wa jiliwa kuijaribu kwa kidole. Klipu ziliingia kwa mlio mdogo safi. Baada ya hapo tu ndipo nilipogonga masikio ya shafti kwa nyundo ya plastiki, mara moja moja, ili vikombe virudi nje na kuegemea klipu zake, na krosi ikalegea ikawa inakwenda pande zote bila kukwama. Nikapiga grisi kwa bomba hadi ikachomoza kwenye sili zote nne. Ikichomoza kwenye tatu tu, kile cha nne hakipati grisi, nacho ndicho kitakachokufa kwanza.

Senta beringi haikunisumbua. Mpira wake ulikuwa umechanika karibu nusu ya mzunguko, nikaubadilisha pamoja na beringi yake, nikiangalia tu kwamba bano limetazama upande lilikotazama mwanzo. Boliti za flanji, yaani sahani za chuma zinazounganisha propela na difu, nilinunua mpya na kuzikaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Nikalitoa gari nikiwa na matumaini makubwa, na lilipofika kilometa 40 kwa saa lilitetemeka kuliko lilivyowahi kutetemeka. Nakiri kwamba kwa dakika chache niliwaza juu ya difu, na hata juu ya matairi. Lakini safari hii nilirudi moja kwa moja chini ya gari. Nilitazama kipande cha nyuma cha propela kutoka ncha hadi ncha, na nikaona masikio ya mbele na ya nyuma hayakuwa kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nimekichomoa kipande hicho kwenye meno yake yanayoteleza, yale yanayoingiliana pale shafti inapochomekwa, ili nikisafishe, na nilipokirudisha niliruka meno mawili, kwa kuwa sikuweka alama.

Sababu ya jambo hili kuwa kubwa ni kwamba krosi iliyopinda haipitishi mzunguko sawasawa. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza wa karne ya 17, alishaeleza jambo hilo: ingawa shafti ya kwanza inazunguka kwa mwendo mmoja, ya pili huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 10, mabadiliko hayo hufikia kama asilimia 1.5 juu na chini. Yanaonekana madogo, lakini yazidishe kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika. Krosi ya upande wa pili hufuta kosa la mwenzake, mradi pembe zao ni sawa na masikio yamelingana. Yasipolingana, makosa hayo mawili hayafutani, na yanaweza hata kujumlika. Nilipofuta tope kwa dizeli niliziona nukta mbili ndogo zilizopigwa kwenye chuma, moja kila upande wa meno, zikisubiri kukutanishwa. Nikazikutanisha, na sasa nimechora juu yake mstari wa rangi nyeupe ili asiyeijua propela hii naye azione.

Kwa anayeshuku propela yake, jaribio lenyewe ni la dakika tano: weka kabari, vuta breki ya mkono, toa gia, lala chini, shika pande mbili za krosi na uzipindishe kinyume. Angalia vizuri, maana difu nayo huwa na uchezaji, yaani ulegevu, wake wa kawaida na huwadanganya wengi. Kama flanji ya difu inasogea pamoja na shafti, uchezaji huo ni wa difu. Kama shafti inasogea na flanji imetulia, krosi imekwisha, na usipoteze siku nyingine ukiitafuta sababu penginepo.

Wiki iliyofuata nilipanda mlima ule ule nikiwa na mbao zaidi ya siku ile. Nilisimama makusudi pale pale ilipokatika, nikaachia klachi, na gari likaondoka bila ule mlio wa kugonga. Kwenye barabara tambarare nililifikisha kilometa 90 nikiwa nimevua kiatu cha kushoto na kuweka unyayo sakafuni, nikasikia mlio wa injini tu. Kila nikibadilisha oili sasa napiga grisi krosi zote tatu. Kilichobaki ni sili ya mbele ya difu, ambayo inavuja kidogo, na nimeshanunua nyingine. Ninasubiri siku ambayo sitabeba mzigo ili niifungue, nikianza na zile kabari mbili na kopo la rangi nyeupe.